Sura ya Nne: Mikia Iliyogeuka

Inspekta alipewa ndala mbili za mguu wa kushoto.

"Ndizo zilizobaki," mlinzi wa maabara akamwambia, wala hakuona haya. "Humu haingii mtu na viatu vya nje. Vumbi."

"Na mguu wa kulia niuweke wapi?"

"Humohumo. Utazoea."

Inspekta akauingiza. Kidole gumba kikabaki nje kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Kituoni walimwita Kiroboto kwa sababu kukaa hajui, na leo Kiroboto alikuwa anachechemea. Koplo wake, mwanamke mnene mtaratibu ambaye haharakishwi hata na moto, alipata jozi safi kabisa. Akapita mbele mabega yakimtingishika.

"Usicheke, Koplo."

"Sijacheka, afande."

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo na kisafi mpaka kinaudhi. Katikati meza nzito ya jiwe. Juu ya meza beseni jeupe, refu kama ubao wa kukatia mboga, kina chake hakifiki hata nusu kidole, limejaa maji yametulia tuli. Juu ya beseni imeinama hadubini, ubavuni mwa hadubini kuna kijisanduku cha chuma, na kwenye kijisanduku imefungwa kamera. Waya wa kamera unakwenda kwenye skrini. Kona ya mbali, kwenye sinki, jamaa mmoja mwenye upara alikuwa anaosha glasi.

Meneja wa taasisi alikuwa anawasubiri, tai imekaza shingo.

"Inspekta, sikuita polisi waje kuzungukazunguka. Mwizi ninaye. Yuko hapo kwenye korido."

"Basi nieleze alichoiba."

Meneja akaeleza haraka. Taasisi ina chupa moja ya mafuta ya mapafu, kachupa kadogo ka kahawia. Si mafuta ya kupikia. Ni yale yanayowekwa kwenye mapafu ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Chupa inakaa kwenye friji lenye kufuli, na ufunguo wa kufuli anao mtu mmoja, yule fundi wa maabara. Mafuta yakipimwa kwenye beseni yanaonyesha maumbo fulani. Tangu wiki hii ianze, maumbo yamegeuka, yanapinda upande mwingine. Maana yake mafuta si yale.

"Amechukua yale, ameweka haya," Meneja akasema. "Ufunguo mmoja, mtu mmoja. Kamati ya nidhamu inakaa saa kumi. Nataka neno lako tu, afukuzwe kazi, wewe uondoke naye. Hapo pana upelelezi gani?"

"Wa kutosha," Inspekta akasema. "Niitie mwenyewe."

Fundi aliingia na mkoba ameukumbatia. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa cha bluu kichwani, kucha zimekatwa fupi kabisa. Macho yake hayakwenda kwa Meneja wala kwa polisi. Yalikwenda kwenye beseni, yakakagua, yakatulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe polisi nao wana adabu?"

"Baadhi. Mama, umeiba?"

"Sijaiba."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna."

"Hata wa akiba?"

"Hata wa akiba. Nalala nao."

"Unajua hilo jibu linakuchimbia kaburi?"

"Sasa ulitaka nikudanganye ili ufurahi?"

Inspekta akampenda hapohapo, kisha akajikemea. Kumpenda mshukiwa ni sawa na kula kabla ya kunawa. Akamwashiria Koplo kwa kichwa. Koplo akauomba mkoba kwa upole, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kiti: kitana, leso, miwani, nusu ya mkate kwenye karatasi. Halafu kachupa kadogo ka kahawia.

"Ndiyo hiyo!" Meneja akaruka. "Si nimesema! Si hiyo hapo!"

"Dawa ya masikio hiyo," Fundi akasema. "Ya mama mkwe wangu. Napasha moto, namdondoshea. Asiposikia vizuri anadhani tunamsengenya."

"Na mnamsengenya?" Koplo akauliza.

"Sasa hilo ni la polisi?"

"Tuipime!" Meneja alishaikamata chupa na kuifungua, anakwenda nayo mbio kwenye beseni. "Tuimwage hapa tuone!"

"Thubutu!"

Sauti ilitoka kwa Fundi kama kofi. Alikuwa ameshasimama kati ya Meneja na beseni, mikono ameitandaza kama golikipa.

"Beseni hili naliosha tangu nywele zako hazijaanza kukimbia. Ukidondosha mafuta ya masikio humu, kazi ya mwezi mzima imekwisha. Nifukuze. Nipeleke jela. Lakini humu humwagi."

Meneja akasimama na kachupa kake hewani. Inspekta akaangalia ile picha vizuri, akaiweka kichwani. Ameona wezi wengi. Wezi hulinda mfuko wao, hawalindi meza ya tajiri.

"Mama ana haki," sauti nyembamba ikasema mlangoni. "Leteni kisosi."

Aliyeingia alikuwa Profesa, mkuu wa maabara ile, mzee mwembamba, sweta limetoboka kiwiko, uso wa mtu anayefurahia kila anachokiona. Alijaza kisosi maji, akadondosha tone la dawa ya masikio. Tone likakaa pale juu ya maji, duara, linang'aa kama jicho la samaki.

"Mnaona? Limejikunyata. Yale yetu hayakai hivi. Tone moja lingekimbia mpaka ukingoni, likajitandaza jembamba usilione kwa macho. Hii ni dawa ya masikio, Meneja. Mrudishie mama mkwe."

Meneja akairudisha chupa kwenye mkoba kama mtu anayetema mfupa.

"Profesa," Inspekta akasema, "mimi shule niliiaga mapema. Nieleze kama unavyomweleza mjukuu. Hayo maumbo yanageukaje, na kwa nini yakigeuka mtu afukuzwe kazi?"

Mzee akasugua viganja kwa furaha. "Mwanangu, angalia miguu yako."

"Usinikumbushe."

"Umevaa kushoto na kushoto. Ndala ya kushoto na ya kulia zinafanana kila kitu. Kamba ileile, raba ileile, uzito uleule. Lakini ya kushoto hata uizungushe vipi sakafuni, haiwi ya kulia. Sivyo?"

"Kidole changu ni shahidi."

"Chembe za mafuta haya ziko hivyohivyo. Zina za kushoto na za kulia. Mwili wa binadamu unatengeneza aina moja tu, tuiite ya kushoto, na hiyo ndiyo iko kwenye chupa yetu. Tukizidondosha juu ya maji zinasimama zimebanana, safu moja, unene wa chembe moja. Ndio utando wenyewe. Mapafu ya mtoto bila utando huo yanagandana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Haya, sasa chukua ndala za kushoto tupu, zipange sakafuni, uzibane. Nini kinatokea?"

Inspekta akafikiri. Akasogeza mguu mmoja ukagusa mwenzake. "Zinasukumana."

"Zinasukumana upande gani?"

"Uleule. Zote zina mbonyeo upande mmoja."

"Ee! Kila mmoja anamwegemea jirani kidogo tu, lakini upande uleule. Wakiwa wengi, safu nzima inapinda. Ukiweka za kulia tupu, inapinda upande wa pili. Fundi, hebu tuonyeshe."

"Mshukiwa haruhusiwi kugusa..." Meneja akaanza.

"Koplo atamwangalia mikono," Inspekta akakata. "Endelea, mama."

Fundi akanawa, akanawa tena. Akatoa ufunguo kifuani, akafungua friji, akaleta chupa. Koplo alikuwa nyuma yake karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Fundi akavuta kidogo kwa sindano nyembamba, akagusisha ncha kwenye uso wa maji, tone moja, kimya. Hakuna kilichoonekana. Akasubiri. Kisha akawasha mota ndogo, na kipande cha plastiki kilicholala juu ya maji kikaanza kutambaa taratibu, kikiukusanya ule utando usioonekana kama mtu anayekusanya makombo kwa kiganja.

"Usipige chafya," akamwambia Inspekta.

"Sijapiga."

"Una uso wa kupiga."

Kwenye skrini palikuwa na mwanga mtupu. Halafu madoa meusi yakaanza kuota. Yakakua. Kila doa likatoa mikia mitatu, na mikia ikapinda, yote upande mmoja, mpaka skrini ikajaa vitu kama feni ndogondogo nyeusi.

"Loo," Koplo akasema. Kwa Koplo hiyo ni hotuba.

"Nzuri, ee?" Profesa akatabasamu, halafu tabasamu likapungua. "Lakini ona. Mikia inapinda kufuata mshale wa saa. Wiki iliyopita, chupa hiihii, ilikuwa inapinda kinyume. Nina picha za miaka. Mimi mwenyewe sitaki kuamini, Inspekta. Huyu mama nimefanya naye kazi tangu mwanangu wa mwisho yuko chekechea. Lakini macho yangu ninayo."

"Kuna mashine nyingine ya kupima kama mafuta ni ya mkono wa kushoto au wa kulia?"

"Iko chuo kikuu. Foleni yake ni mwezi na zaidi."

"Na kamati ni saa kumi," Meneja akakumbusha.

Inspekta akaanza kutembea. Hiyo ndiyo namna yake ya kufikiri, na kwa zile ndala ilikuwa kelele: pwata, pwata, pwata, kuizunguka meza.

"Nina maswali ya kijinga. La kwanza. Mwizi akichukua mafuta mazuri, rahisi kwake ni kurudishia nini?"

"Chochote cha bei rahisi," Meneja akasema. "Mchanganyiko. Upo, nusu kushoto, nusu kulia."

"Profesa, ndala nikizichanganya kushoto na kulia, safu inapinda?"

"Haipindi. Huyu anasukuma huku, yule kule. Mikia ingetoka imenyooka."

"Hizi zimenyooka?"

Wote wakatazama skrini. Feni zilikuwa zimepinda kama pembe za mbuzi.

"Kwa hiyo humu hakuna mchanganyiko. Ni mkono mmoja mtupu. Kama si ule wa kushoto, ni ule wa kulia mtupu. La pili. Huo wa kulia mtupu unapatikana wapi?"

Profesa akajikuna kiwiko kwenye tundu la sweta. "Haupatikani kirahisi. Mwilini haumo. Lazima utengenezwe kwa makusudi, uagizwe, usubiriwe..."

"Kwa bei gani, ukilinganisha?"

"Ghali zaidi. Mara nyingi zaidi."

Inspekta akasimama. "Meneja. Umeshaona mwizi anaiba mbuzi usiku, halafu anafunga ng'ombe kwenye kamba ileile ili mwenye nyumba asigundue?"

Koplo akakohoa. Kilikuwa kicheko, lakini amekifundisha kukohoa.

"Labda... labda hakujua," Meneja akasema.

"Kitu hakipatikani mpaka ukiagize, na akakiagiza bila kujua? Hapana. Mwizi hayupo kwa sababu wizi haupo. Chupa ni ileile."

"Na mikia?" Profesa akauliza kwa shida. "Mikia haisemi uongo, mwanangu."

"Kweli haisemi. Lakini mimi mikia sijaiona. Wewe pia hujaiona. Tumeona skrini."

Kule kwenye sinki glasi ikagonga glasi.

Pwata, pwata. Inspekta akafuata waya wa skrini kwa kidole bila kuugusa, mpaka kwenye kamera, mpaka kwenye kile kijisanduku cha chuma ubavuni mwa hadubini. Akainama. Chumba hiki kilikuwa kisafi, lakini kile kijisanduku kilikaa mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki, na kilikuwa na vumbi jembamba la kijivu. Skrubu zake zilikuwa zinang'aa. Mifereji ya vichwa vyake ilikuwa na mikwaruzo mipya, myeupe. Na kuzunguka kila skrubu vumbi lilikuwa limefutika, alama za vidole.

"Nani kafungua hiki?"

"Hakijawahi kufunguliwa," Profesa akasema. "Tangu kiletwe."

"Mama?"

"Mimi chuma sigusi," Fundi akasema. "Mimi ni maji na mafuta. Kamera ni ya hao wasomi."

Inspekta akanyanyuka polepole, akageukia sinki. "Ndugu yangu. Hiyo glasi umeiosha mpaka inataka kuyeyuka. Wewe ni nani?"

Jamaa mwenye upara akageuka, maji yanamchuruzika viwikoni. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, mwanafunzi wa udaktari wa Profesa kwa muda mrefu kiasi kwamba taasisi nzima ilimwita Daktari Mtarajiwa, na yeye mwenyewe alishazoea kuitika.

"Mimi? Mimi naandika tasnifu."

"Kwenye sinki?"

"Napumzisha akili."

"Njoo tuipumzishie huku."

Koridoni, Daktari Mtarajiwa alianza kujifuta mikono kwenye suruali kabla hajaulizwa. Inspekta hakumgombeza. Alimsogelea tu, karibu, akanyamaza. Watu wengi hawavumilii ukimya wa mtu asiyejua kunyamaza.

"Ilikuwa ajali," jamaa akasema.

"Nipe yote."

"Jumapili nilikuja peke yangu. Nina mtihani wa kutetea tasnifu, afande, mwaka huu nisipopita mke wangu ameniambia nikaoe hiyo maabara. Nikaja na chai."

"Chai kosa?"

"Chai humu ndani? Huyo mama angenichinja. Nikanyanyua kikombe, kiwiko kikapiga kamera. Kamera chini, kijisanduku chini. Nikasikia kitu ndani kinavunjika, cha kioo. Nikampigia shemeji, mume wa dada yangu. Ni fundi kamera. Akaja, akafungua, akafunga, picha zikatoka safi. Nikamshukuru Mungu."

"Na Jumatatu mikia ikageuka. Na mama wa watu akawekwa kwenye kiti cha korido. Bado ulikuwa unamshukuru Mungu?"

"Sikudhani vinahusiana! Wallahi afande. Kamera ni kamera, mafuta ni mafuta. Kama picha ingekuwa mbaya ningesema. Ilikuwa nzuri kuliko zamani!"

"Lakini ulikuwa unaosha glasi safi."

Daktari Mtarajiwa akatazama vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji. "Usingizi sijapata," akasema. "Hilo ni kweli."

"Mpigie shemeji yako. Mbele ya wote."

Wakarudi ndani. Simu ikawekwa mezani, mbali na beseni kama Fundi alivyoelekeza kwa kidole. Shemeji akapokea kwa sauti ya mtu anayefanya kazi karibu na barabara.

"Shemeji! Vipi, imekufa tena?"

"Haijafa. Hebu waeleze hapa ulifanya nini kwenye kile kijisanduku."

"Waeleze akina nani?"

"Polisi," Inspekta akasema.

Sauti ya shemeji ikashuka. "Mimi nilitengeneza tu, mkuu."

"Najua. Ulikuta nini ndani?"

"Vioo viwili vidogo. Vya kujitazamia, kama vya mkoba wa mwanamke lakini visafi sana. Picha inatoka kwenye lenzi, inapiga cha kwanza, inakatisha kwenda cha pili, ndiyo inaingia kamera. Cha pili kilikuwa vipande vipande. Kuagiza kingine ni mpaka ng'ambo. Nikakitoa, kamera nikaifunga ubavuni itazame kile cha kwanza moja kwa moja. Sasa picha ilitoka au haikutoka?"

"Ilitoka."

"Sasa mnalalamika nini?"

Profesa alikuwa ameshaweka kiganja kwenye paji la uso. "Mwanangu," akamwambia Inspekta, "usiseme. Tafadhali usiseme, niache nimalize mwenyewe." Mdomo wake ulikuwa unacheza. "Kioo cha kwanza kinageuza. Kushoto inakuwa kulia. Cha pili kinageuza tena, inarudi. Miaka yote tulikuwa na viwili, tukawa tunaona sawasawa. Na sasa kimebaki kimoja..." Akaanza kucheka, kicheko chembamba cha kitoto, mpaka akashika meza. "Asubuhi najinyoa kwenye kioo! Kila asubuhi! Nami nikakaa siku nne namshuku mama wa watu!"

"Hayo ni maneno," Meneja akasema, lakini tai yake ilikuwa imelegea. "Kamati haitaki maneno."

"Haki yako," Inspekta akasema. Akatoa kitambulisho chake cha kazi mfukoni. "Mama, hiki kiwekwe chini ya hadubini."

"Majini hakiingii. Jasho la mfuko wako ni mafuta pia."

"Fanya unavyotaka wewe."

Fundi akatandika kipande cha kioo juu ya kingo za beseni, akakipokea kitambulisho kwa leso, akakilaza, akazungusha lenzi mpaka skrini ikatulia. Hadubini ile ilivuta mno. Herufi moja tu ya neno POLISI ilijaa skrini nzima, nyeusi, kubwa kama mlango. Ilikuwa P. Lakini tumbo la P lilikuwa limeelekea kushoto, kama mama mjamzito aliyempa mtu mgongo.

"Labda kadi iko kichwa chini," Koplo akasema. Kazi yake ni kutokubali haraka.

"Mama, izungushe."

Fundi akaizungusha. P ikalala chali, ikasimama kwa kichwa, ikalala kifudifudi, ikarudi ilipoanzia. Popote ilipogeukia, tumbo lilikuwa upande usio wake.

"Kama ndala," Inspekta akasema. "Zungusha unavyotaka, kushoto haiwi kulia."

Profesa akavuta kinanda cha kompyuta, akabonyeza, akaigeuza picha ubavu kwa ubavu. P ikakaa sawa. Kisha akaleta ile picha ya feni waliyoipiga muda uleule, akaigeuza vilevile, akaibandika karibu na picha ya wiki iliyopita. Mikia ilipinda kinyume cha saa hapa, kinyume cha saa pale. Mapacha.

"Hivi hakuna aliyewahi kuweka karatasi humu?" Koplo akauliza. "Hata gazeti?"

"Gazeti?" Fundi akamtazama kama mtu aliyetukana. "Kwenye beseni langu?"

"Ndiyo maana," Inspekta akasema. "Nyinyi mnaangalia feni tu. Feni ikigeuzwa bado ni feni, hakuna wa kukwambia. Mngeangalia kitu kimoja tu cha ovyo, cha mtaani, mngejua Jumatatu asubuhi."

Meneja alikuwa anaangalia saa yake. "Basi... nitaiandikia kamati kwamba suala linaendelea kuchunguzwa, kwamba..."

"Haliendelei. Piga simu."

"Saa hii?"

"Nikiwa nasikia. Na yeye akiwa anasikia."

Meneja akapiga. Alianza na maneno marefu, akaona macho ya Koplo, akayafupisha. "Hakuna kesi, mwenyekiti. Chupa haijaguswa. Ndiyo. Fundi hana kosa lolote. Ndiyo, nasema mbele yake." Akakata simu. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Daktari Mtarajiwa akasogea hatua moja. "Mama, mimi..."

"Wewe nyamaza." Fundi hakupaza sauti. "Ungeniambia Jumapili ningekupiga kofi moja, yakaisha. Umeniacha nikae koridoni watu wanapita wanaangalia viatu vyangu. Beseni hili huligusi mpaka niseme. Na chai kanywee nje, mvua inyeshe isinyeshe."

"Sawa, mama."

"Na mtihani wako upite. Nimechoka kukuona."

Profesa akacheka tena. Hata Daktari Mtarajiwa akacheka, kwa woga. Meneja ndiye aliyebaki hajui aweke wapi mikono.

"Mama," akasema, "kwa kweli... pole. Nenda nyumbani ukapumzike. Kesho njoo kazini kama kawaida."

Fundi alikuwa tayari anapandisha mikono ya koti lake. Akamtazama Meneja, akaitazama saa ya ukutani.

"Kesho? Saa nane hii. Mchana mzima uko mbele, hospitali inasubiri majibu, na maji humu yamepumuliwa na watu sita. Nani kakwambia nimechoka?"

"Nilidhani tu..."

"Tokeni. Profesa na wewe pia, nenda kanitafutie kioo cha pili. Afande, chukua kadi yako. Asante, mwanangu. Lakini toka."

Wakatoka mmoja mmoja, Meneja mbele, Profesa akiimba kitu puani. Mlangoni Inspekta akavua zile ndala, akavaa viatu vyake, akatingisha vidole kwa raha. Koplo alikuwa amesimama anasikiliza, kichwa ameinamisha.

Nyuma ya mlango maji yalimwagwa yote kwa mkupuo mmoja. Kisha bomba likafunguliwa, na brashi ikaanza kusugua, kwa haraka na kwa nguvu, kama mtu anayeimba.